Siku Nne za Mjini

Hivi, umewahi kumwona mtu akiandika daftarini mambo anayoyajua hata akiwa usingizini?

Ndivyo alivyokuwa Mama Pacha wiki nzima ile. Pacha wake, Bonge na Sindano, wakishapitiwa na usingizi wa mchana, anakaa kwenye kigoda cha jikoni, daftari magotini, anaandika. Bonge halali mpaka ashike sikio la mtu. Sindano akinyamaza ghafla ujue kuna kitu mdomoni, mfumbue, kitoe. Uji uwe vuguvugu, uuonje kwanza. Herufi kubwa kubwa, kama anayemwandikia mtoto wa darasa la kwanza.

Mumewe, kinyozi, alirudi kula akamkuta hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Pacha, unajitungia mtihani? Hao watoto si unashinda nao kila siku?"

"Safari ni safari," alijibu, wala hakuinua kichwa. "Mtu anasahau."

Yeye hakuwa mtu wa kusahau, na ndipo shida ilipokuwa. Pacha walikuwa na wiki saba tu kinyozi alipofunga kibanda chake akaenda mjini kutembea na rafiki zake. Siku nne. Simu hakupiga hata moja. Mama Pacha alibaki na vichanga viwili, mmoja tumbo linamsokota, mwingine anaamka kila mwenzake anaponyamaza. Siku ya tatu alisinzia amesimama, ameegemea mlango wa choo, sabuni mkononi. Mume akarudi amenawiri, ana kofia mpya.

"Nilikuwa nimechoka, mke wangu," alisema. "Wewe uko nyumbani tu, huwezi kujua."

Neno lile alilimeza zima zima, likamkwama kooni mwaka na ushei. Sasa alitaka kitu kimoja tu: huyu bwana azijue siku nne zile, saa kwa saa, mpaka mifupa yake yenyewe imsimulie.

Kumwambia faragha kusingefaa. Angeteleza kama kambare. Kwa hiyo alimfuata kibandani siku ya Jumamosi, wateja wamejaa, mmoja kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Alisimama mlangoni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ubavuni, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara:

"Baba Pacha, hawa wanao wataona mji lini? Wenzao wanapelekwa na baba zao."

Kinyozi aliona macho yote yanamtazama kwenye kioo. Akatoa kifua mbele.

"Mwezi huu huu! Nani kasema siwezi?"

"Tumekusikia, fundi," alisema yule wa nusu kichwa. "Ukikwepa, tunahama kinyozi."

Basi, akawa amenasa.

Mipango yote aliachiwa mke, kama kawaida ya nyumba ile, naye aliipanga kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya harusi. Wataenda siku nne, katikati ya wiki, maana vyumba vinashuka bei. Alipata nyumba ya wageni ya bei nafuu, jiko la pamoja, chumba ghorofa ya nne, ngazi tupu. Cha chini kilikuwepo, kwa bei ile ile. Alikiacha. Bustani yenye chemchemi, bure, ila kurudi ni kupanda kilima. Makumbusho asubuhi, watoto hawalipi. Treni ya mjini, kituo kimoja kwenda na kimoja kurudi, kwa sababu Bonge anapenda kelele na huwa anajibu. Kigari cha kusukuma alikiazima kwa jirani. Gurudumu moja linavuta kushoto, lakini cha kuazima hakichaguliwi.

"Umekata tiketi?" aliuliza kinyozi, anapaka viatu rangi.

"Nimekata. Watoto wa kupakatwa hawalipi."

"Chumba?"

"Kipo."

"Wewe mwanamke ni hazina." Akaendelea na viatu vyake. Hesabu za nyumba ile hakuwahi kuziuliza, hata miguu ya wanawe ilikuwa saizi ngapi hakujua.

Siku ya safari Mama Pacha alifunga mkoba alfajiri. Nepi ishirini na nne. Nguo za watoto za kubadili mara tatu kwa siku. Mashati matatu ya mume, yamepigwa pasi. Mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya uji. Akafikiri kidogo, akaongeza filimbi mbili, kila mtoto na yake, wasije wakagombana.

Kwenye kituo cha basi kinyozi aliwahi kiti cha dirishani. Tangu nyumbani alikuwa akipiga mluzi, amevaa kofia yake. Mama Pacha alimkalisha Bonge kwenye paja la kulia, Sindano kwenye la kushoto, akausukuma mkoba katikati ya miguu ya baba yao, na daftari akaliweka juu kabisa. Akawabusu watoto utosini, mmoja mmoja, taratibu. Kisha akashuka.

"Niletee na maji baridi!" kinyozi alimwitia.

Konda alipita akihesabu kwa kidole. "Kiti cha kumi na mbili, mtu mzima mmoja, wa kupakatwa wawili. Haya dereva, tumetimia!"

Mlango ukafungwa. Kinyozi alitoa kichwa dirishani, kofia imekwenda upande, Sindano amemng'ang'ania shingo.

"Mama Pacha! Panda, gari linaondoka! Wewe mwanamke, unataka nini lakini?"

Alisogea karibu na dirisha, ili amsikie vizuri.

"Kulala," alisema. "Nataka kulala, Baba Pacha, mpaka nichoke kulala."