Jembe la Korongo

Wazee wa bondeni bado wanamkumbuka Korongo wa miaka ile. Kila kiangazi alikuja kuchunguza chemchemi yao iliyokuwa ikikauka. Aliuliza, "Maji yanatosha?" Nao, kwa kuwa mgeni haelezwi shida za nyumbani, walimjibu, "Yanatosha, bwana." Aliandika hivyo hivyo, na siku ya pili akaruka zake.

Mwaka mmoja aliumia bawa, akashindwa kuondoka. Siku ya tatu Bibi Fuko, mchimbaji asiye na maneno mengi, akamwekea jembe miguuni.

"Twende tukalime."

"Mimi ni mtafiti, bibi!"

"Jana ulikuwa mgeni. Leo u mwenzetu."

Shambani, jasho likiwatoka, Bibi Fuko akasema, "Maji hayatoshi, mwanangu. Nami najua yalikopotelea. Huyasikia yakipita chini ya ardhi."

"Mbona hamkuniambia miaka yote hii?"

"Hukuwahi kufika siku ya tatu."

Korongo akalichana daftari lake. Wakachimba pamoja, Fuko akionyesha, yeye akipima, hadi maji yakarudi.

Bibi Fuko hayupo tena. Lakini kila kiangazi Korongo, sasa mzee, hutua bondeni, na kabla ya swali lingine lolote huuliza, "Jembe langu liko wapi?"