Kiujia cha Mama Digidigi

Bonde moja lilikuwa na majani, matunda na chumvi tele, na wanyama wakaketi kuligawa. Nyati mwenye pupa alichukua malisho yote. Nyani mjanja alichukua miti ya matunda. Nungunungu mchoyo alichukua chumvi.

Mama Digidigi, mwenye haya, alisimama nyuma na mtoto wake. "Na mimi, jamani?"

"Loo, kumbe upo!" Nyani akacheka. "Chukua kile kiujia, dada. Hakina hata jani."

Jua lilipopanda, wote walishikwa na kiu. Hapo ndipo walipokumbuka kuwa kiujia kile ndiyo njia pekee ya kwenda mtoni. Kwingine kote ni magenge.

Nyati akaja ameinamisha pembe. "Dada, tuwie radhi. Najua digidigi huweka mpaka kwa mavi yao. Wako uko wapi, tusiuvuke?"

"Sikuweka, kaka," akajibu kwa sauti ndogo. "Piteni mnywe. Ila mwanangu ana njaa."

Waliporudi, Nyati alimwongoza mtoto malishoni. Nyani akamwangushia matunda, na hata Nungunungu akamwita alambe chumvi.

"Ahsanteni sana," akasema Mama Digidigi.

"Ahsante wewe," wakajibu, midomo yao ingali imelowa.