Usingizi wa Saa Nne Asubuhi

Hilali alizinduka kwa kelele. Mgeni wake, dada mtafiti wa ndege kutoka Morogoro, alikuwa ameinama kutoka kiti cha abiria na kuung'ang'ania usukani wake kwa mikono miwili, na gari lilikuwa limejikita kwenye kichaka, hatua chache kutoka mtoni.

“Umesinzia tena, kaka Hilali! Saa nne hii ya asubuhi?”

Aliona aibu. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwapeleka wageni porini kutoka Kibondo, na hakuwahi kumtisha mtu. Mbung'o walivuma ndani ya gari, wakiuma hata kupitia suruali. Mmoja alitua begani kwake. Alitaka kumpiga, lakini mkono ulikuwa mzito.

“Hebu inama,” dada alisema.

Nyuma ya shingo aliona kidonda kigumu, chekundu, kikubwa kama kifuniko cha soda. Kando yake tezi zilikuwa zimevimba.

“Kina wiki tatu,” Hilali alisema. “Mke wangu anakikanda kwa maji ya moto. Na homa ya jioni haikatiki.”

“Kaka, isije ikawa malale, ule ugonjwa wa usingizi wa mbung'o. Twende hospitali sasa hivi.”

“Basi endesha wewe.”

“Mimi sijui kuendesha.”

Simu hazikuwa na mtandao, na kufika mjini ulikuwa mwendo wa saa tatu.

“Niongeleshe, dada,” Hilali alisema, akawasha gari na kulirudisha barabarani. “Usinyamaze hata kidogo.”

“Watoto wako wanaitwa nani?”

Alimtaja wa kwanza. Akamtaja wa pili. Alipofika kwa wa tatu kidevu kikamwangukia kifuani, na mguu wake ulikuwa bado umekanyaga mafuta.