Mwezi Ulioandama Mezani

Kitambaa cha meza cha Idi kilibakiza kushonewa mwezi tu katikati. Bi Zulekha alijipangia rangi tatu, kijani, nyeupe na manjano, na manjano ilikuwa imemwishia. Kesho wakwe wa bintiye wangeingia kwake mara ya kwanza. Akaliona shati la manjano la mumewe kambani. Mkasi haukusita.

Jioni Mzee Faki aliuliza, "Mama Nasra, nani kanitoboa shati mgongoni?"

"Panya, baba."

"Panya gani hukata mwezi mwandamo?"

"Aliyefunga mwezi mzima. Naye anaitamani Idi."

Mzee akakitazama kitambaa, akakilainisha kwa kiganja. Kisha akalivaa shati, akatoka.

Nje watu walikuwa wakitazama juu, wakiutafuta mwezi wa Idi. Fulana yake nyeupe ya ndani ilipopita ikimeta tunduni mgongoni, shingo zikaanza kushuka, moja moja.