Arobaini kwa Mia

“Uwezekano wa ngurumo za radi, arobaini kwa mia,” Mwamvita, mtabiri wa hali ya hewa, aliiambia redio, kama alivyosema kila siku wiki hiyo.

Lameki, mkuu wa uwanja wa ndege wa Bukoba, alichungulia dirishani. Ziwa lilikuwa shwari. Jua liliwaka juu ya migomba ya Kitendaguro. Na kule Mwanza, rubani wa ndege ya serikali akaahirisha tena safari. Huyo akisikia thelathini anaruka; akisikia arobaini anabaki.

“Mbona husemi hamsini, Ndugu Mwamvita?”

“Ikifika nusu sitaji namba, nasema radi ipo. Namba ni za shaka: thelathini au arobaini, basi.”

Lameki alilitafakari jibu hilo. Kumbe arobaini ni uongo usioshikika! Mvua ikinyesha, alishaonya. Isiponyesha, hakuahidi.

Na nani asiyetaka wageni wa serikali wafike Bukoba? Wenye magendo ya kahawa. Juzi tu alimwona mtabiri huyu mpole akinong’onezana na mwenye boti bandarini Kemondo.

“Dada yako si yuko Kisumu, ng’ambo ya ziwa?” Mwamvita akauliza bila kumtazama. “Chukua likizo, ukamwone. Nenda hata leo.”

Anataka nisiwepo, Lameki akajiambia. Lakini alikosea mtu wa kumtisha. Lameki ndiye aliyesimama mkutanoni kule Muleba, mbele ya wakubwa wa mkoa, akasema wazee wasing’olewe vibanjani mwao, kwenye migomba ya babu zao, kupelekwa kijiji kipya. Leo amwogope mtabiri?

Adhuhuri Mwamvita alipotoka kwenda kusali, Lameki aliishika redio.

“Mwanza, hapa Bukoba. Tunasahihisha utabiri. Thelathini.”

Mwamvita alirudi mchana, akaikuta ndege inanguruma juu ya ziwa.

“Umefanya nini, Ndugu Lameki?”

“Utawaeleza wenyewe.”

“Boti bado iko Kemondo,” akanong’ona. “Bado kuna nafasi. Tafadhali.”

Amekiri kwa kinywa chake! Lameki akampita, akatoka nje akifunga vizuri vifungo vya koti. Moyo ulimdunda kwa furaha ya mtu aliyenasa mwizi.

Ndege iligusa ardhi, ikakimbia, ikasimama. Wanaume wawili waliovaa Kaunda suti wakashuka. Lameki akawaendea, mkono mbele.

“Karibuni Bukoba, waheshimiwa. Mimi ndiye Lameki, mkuu wa uwanja.”

Yule mrefu aliupokea mkono, na hakuuachia.

“Lameki wa mkutano wa Muleba?” Akamgeukia mwenzake, akitikisa kichwa kwa mshangao. “Wiki nzima hewa inatuzuia, nasi tunasema huyu ameshatutoroka, kavuka ziwa. Kumbe yupo tu, anatungoja!”