Kitufe cha Nipo

Mama mmoja alijifanya amekufa kwa siku tatu mfululizo, na hakuna aliyemtafuta. Sasa alikuwa ameleta malalamiko.

"Samahanini vijana wangu," aliandika. "Programu yenu ni mbovu. Sikubonyeza kitufe Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Nilikaa tu naitazama simu. Mwanangu hakupiga. Irekebisheni basi, siku nikianguka kweli itakuwaje?"

Nyundo aliisoma taarifa hiyo akiwa bado na viatu vya kazini. Mchana alikuwa fundi wa mashine za kunakili, mtu wa kupanda na kushuka ngazi za ofisi za watu. Jioni alikuwa mmoja wa waliojitolea kutengeneza Nipo, programu ya bure kwa wanaoishi peke yao. Kila asubuhi unabonyeza kitufe cha kijani. Ikifika saa sita mchana hujabonyeza, Nipo inamtumia ndugu uliyemchagua ujumbe: Mtu wako hajaonekana leo, mtafute. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Walijuana kwa majina ya utani tu, na mlalamikaji asiyejisajili, ukurasa wao wa taarifa za hitilafu ulimwita Mgeni.

"Ipime. Kosa lisipojirudia kwako, funga," aliandika mwenzake aliyeitwa Komeo, ambaye jina hilo alilipata kwa kufunga taarifa za watu kabla hazijapoa.

Nyundo aliipima. Aliweka namba yake mwenyewe mahali pa ndugu, akasogeza saa mbele, akasubiri. Ujumbe ulifika. Ilibidi tu aende kuufukua kule alikokwisha kuiamuru simu yake itupe kimyakimya kila kitu kinachotoka Nipo, maana majaribio yake yalikuwa yakimpigia kelele kutwa nzima. Aliukuta juu ya rundo la ujumbe mwingine wa Nipo, wote ukifanana.

"Kwangu inafanya kazi," alimwandikia Komeo.

"Si ndiyo hivyo? Funga."

Hakufunga. Wenzake walizoea kumtania kwa hilo, kwamba mgeni akiandika mistari miwili, Nyundo humjibu ukurasa mzima. Hawakujua kwamba chumba chake kilikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa cha nguo za kufua, miaka nenda miaka rudi. Kuna siku sauti pekee aliyoisikia nyumbani ilikuwa ya birika. Taarifa za hitilafu ndizo zilikuwa mazungumzo yake. Alikuwa mpweke, wala hakujidanganya.

"Pole sana mama," alijibu. "Hatujakupuuza. Namba ya mwanao una hakika iliingia sawasawa?"

"Aliniwekea jirani, tukaihakiki tarakimu kwa tarakimu. Na usije ukadhani mwanangu ndiye mwenye kosa. Huyo angejua sijaonekana, angekuja hata kwa miguu. Ningemuuliza yeye, mambo haya anayajua sana, ila ana kazi nyingi na sitaki kumsumbua. Kosa ni la programu yenu."

Nyundo alicheka peke yake. Kisha akamwelekeza, polepole, pa kugusa ili simu itume kwa faragha kumbukumbu za siku zile tatu. Ilichukua jioni mbili. Mama alituma kwanza picha ya dole gumba lake, halafu ya dari. Nyundo alimwandikia kwamba dole limekaguliwa na halina hitilafu yoyote.

"Umenichekesha," alijibu mama. "Muda mrefu sijacheka. Aliyekuzaa ana bahati, kijana."

Maneno hayo Nyundo aliyasoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Hatimaye kumbukumbu zikafika. Alizifungua palepale kwenye simu. Jumatatu: ujumbe umetumwa, umepokelewa. Jumanne: umetumwa, umepokelewa. Jumatano vilevile. Programu ilikuwa nzima, haina kasoro hata chembe.

Moyo ulimuuma kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Akaanza kuandika, "Mama, programu yetu haina kosa," akafuta. Ukishamwambia hivyo, umeshamwambia na lile lingine. Akajaribu kwa maneno mengine, akafuta tena.

"Mwambie inafanya kazi ipasavyo, ufunge," aliandika Komeo. "Sisi tunatengeneza programu, hatutengenezi watoto wa watu."

"Umepokelewa mara tatu, Komeo! Mara tatu mtu anaambiwa mama yake haonekani, na amenyamaza tu!"

"Hayatuhusu."

"Leo yananihusu."

Ilikatazwa kabisa kuwapigia simu ndugu wa watumiaji. Nyundo alilijua hilo vizuri, kanuni yenyewe aliiandika yeye. Lakini damu ilikuwa imemchemka. Hata yeye hakuwa mtoto wa mfano, na kwao hakuwa amepiga muda sasa, kila Jumapili aliisogeza hadi nyingine. Ila kunyamaza namna hii, hapana, huo ulikuwa ukatili. Mtu huyu lazima aambiwe, na aambiwe leo, kabla yule mama hajajua anachokijua yeye.

Akainakili namba kutoka kwenye kumbukumbu bila hata kuisoma, akaibandika mahali pa kupigia, huku midomo ikijaribu maneno atakayoanza nayo: Wewe, huna haya?

Akabonyeza. Simu haikuita. Ilimwonyesha tu jina la mwenye namba, kama lilivyohifadhiwa humo: Mimi.