Masikio Mapya

Siku hizo hedifoni haikuuzwa tupu. Chochote ulichokipenda ukiwa umeivaa kilihamia kwa mnunuzi, nawe ukabaki na masikio mapya, kama vile hujawahi kukisikia. Mbaraka hakuona hasara yoyote hapo. Kila alipouza, nyimbo za zamani zilimrudia tamu kama ndiyo kwanza zimetoka.

Safari hii roho yake ilishaangukia hedifoni nyingine, zenye besi nzito isiyomeza maneno. Basi akazitangaza zile kubwa za ngozi, alizodumu nazo tangu alipokuwa kazini Kigoma.

Mnunuzi alipobisha hodi, Riziki alimvuta mumewe pembeni.

"Baba Salha, si hizo ulizokuwa unavaa tukiongea kwa simu, ulipokuwa kule?"

"Ndizo. Lakini haya ni mambo ya muziki tu, mama."

Riziki akaenda zake jikoni. Huku sebuleni wakapatana bei, na mnunuzi, bwana mmoja mpole, akazivaa pale pale. Alifumba macho kwa muda mrefu, kisha akazivua taratibu.

"Jamani, mgeni anakunywa chai?" sauti ikauliza kutoka jikoni.

Bwana yule akainuka upesi, machozi yakimlengalenga. Mbaraka naye alitega sikio. Ilikuwa sauti safi, haikwaruzi juu, chini ina joto. Miaka yote ya kuchagua vyombo, hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Akamgeukia mnunuzi, akitabasamu.

"Kumbe umekuja na shemeji?"